Kujenga reli ya treni ndogo na mwanao: mwongozo kwa mzazi wa Mombasa

Treni ndogo ikizunguka jioni nzima bila kukwama, mtoto atakuuliza kesho yake mtaicheza saa ngapi. Ikiwa kila ikifika kona inasimama hadi uisukume kwa kidole, haitapita wiki mbili itakuwa imerudi ndani ya boksi juu ya kabati. Kwa hivyo hapa tutakaa sana kwenye umeme, viungio na kutu, mambo ambayo hewa ya chumvi ya pwani haiyasamehe. Miti na nyumba tutazigusa tu.

Kununua

Anza na kipimo cha HO. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake mbili zimeachana milimita 16.5. Mpe mwanao kikokotoo agawanye upana wa reli ya SGR, milimita 1,435, kwa 87. Atapata 16.5 hiyo hiyo, kumaanisha njia mtakayoijenga ina uwiano sawasawa na ile inayotoka Miritini. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ina upana wa mita moja tu. Ukitaka kuiiga kwa HO unahitaji njia ya milimita 12, ambayo vifaa vyake ni adimu na bei yake ni ya juu. Iacheni hadi mtoto aiombe mwenyewe.

Seti za Uingereza huwa zimeandikwa OO. Mwili wa treni umepunguzwa mara 76, lakini njia ni ile ile ya milimita 16.5, kwa hivyo kichwa cha treni cha Hornby, kampuni ya Uingereza, kitapita vizuri kwenye reli za HO. Kinacholeta shida ni ndoano za kuunganishia mabehewa, kwa sababu aina mbili tofauti hazishikani. Kabla ya kuongeza behewa lolote, linganisha ndoano kwa macho. Kipimo cha N chenye njia ya milimita 9 kinaokoa nafasi, lakini kurudisha magurudumu yake relini kunachosha vidole vya mtoto mdogo.

Chunguza umeme kabla hujalipa, hasa kama seti inaletwa na jamaa kutoka Marekani. Transfoma za huko nyingi ni za volti 120, na zetu ni 240. Kuibadilishia plagi hakuteremshi volti: transfoma itaungua, na inaweza kuwaka moto. Soma lebo iliyo nyuma. Ikiwa imeandikwa 100–240 V, iko salama. Ikiwa ni 120 V peke yake, usitupe treni. Treni yenyewe inatumia umeme wa DC usiozidi volti 12, kwa hivyo unachohitaji ni kontrola nyingine tu, yaani kile kisanduku kinachoteremsha umeme na kuongoza kasi ya treni. Ya Uingereza inaingia moja kwa moja kwenye soketi zetu.

Kuhusu umri: aliye chini ya miaka mitatu asipewe kabisa, kwa sababu vipande vidogo vinaingia kooni. Wa miaka minne au mitano anafaa treni ya mbao. Kuanzia sita au saba anaweza kuunganisha reli na kuendesha mwenyewe. Kulehemu nyaya kungoje kama miaka tisa, nawe ukiwa umesimama kando yake, dirisha wazi, na mikono ioshwe baada ya kazi. Soketi ya ukutani ni ya mzazi peke yake.

Ubao

Nunua plaiwudi ya marini ya milimita 12, futi 8 kwa 4. Mwambie fundi aikate ibaki sentimita 180 kwa 122. Kile kipande cha sentimita 60 na kitu kinachobaki kipasuliwe katikati upate vipande viwili vya takriban sentimita 30 kwa 122, na uviweke. Kimoja kina kazi yake huko mbele. Chini ya ubao mkubwa funga fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, na mbao za kukatiza kila baada ya sentimita 40.

Piga rangi juu, chini na kwenye kingo zote. Wengi hupaka juu tu. Upande usio na rangi hunyonya unyevu, ule mwingine haunyonyi, na masika yakiingia ubao unapinda na viungio vyote vinaachana. Kimo cha sentimita 70 kinamfaa mtoto wa miaka saba au minane. Usiusukume hadi ukutani, maana mkono wa mtoto haufiki zaidi ya sentimita 60, na treni ina tabia ya kuanguka upande wa mbali. Zungushia ukingo wa sentimita 5 ili kichwa kisidondoke sakafuni.

Njia ya kwanza

Kona za kawaida za HO zina nusu kipenyo cha milimita 457, na kipande kimoja kinapinda digrii 30. Vipande 12 vya kona vinatoa duara kamili. Ongeza vipande sita vya nyofu vya milimita 229, vitatu kila upande, upate njia ya yai yenye urefu wa mita 1.6 na upana wa sentimita 91, inayokaa juu ya ubao wenu na nafasi pembeni. Jioni ya kwanza iwekeni hivyo hivyo bila misumari wala gundi. Msiiweke juu ya mkeka au zulia, kwa sababu nyuzi huingia kwenye gia.

Kuunganisha mwachie mtoto, kisha mfundishe kukagua. Apitishe ukucha polepole juu ya kila kiungio. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Kosa la kawaida ni reli moja kupanda juu ya kibati cha kuungia badala ya kuingia ndani yake. Ukisimama huoni kitu. Lazima uinamishe kichwa, jicho moja usawa wa reli, utazame kwa urefu. Hapo kile kinundu kinaonekana wazi, na watoto hukiona upesi kuliko wakubwa. Acheni pia mwanya wa unene wa kadi ya simu kwenye viungio vichache, kwa sababu mbao hutanuka na kunywea na hali ya hewa.

Umeme

Treni ikienda kasi karibu na kontrola na kulegea upande wa pili, tatizo si mota. Umeme unapita kwenye vibati vingi vilivyolegea na unapungua kila kimoja. Dawa yake ni jozi ya pili ya nyaya, iliyolehemiwa upande wa mbali wa njia na kurudishwa kwenye kontrola kwa chini ya ubao. Waya mwekundu uwe siku zote kwenye reli ya nje na mweusi kwenye ya ndani. Ukibadilisha mara moja tu, umepata shoti.

Kupima shoti, chomoa kontrola, weka multimita, kile kipima umeme cha fundi, kwenye mlio, na ugusishe ncha zake kwenye reli mbili. Isilie. Lakini kwanza ondoeni kichwa cha treni njiani, maana mota yake hupitisha umeme na utatafuta kosa ambalo halipo.

Mtoto akishazoea, atataka treni iingie kwenye kitanzi na kurudi ilikotoka kwa njia ile ile. Kwenye karatasi inapendeza. Ila njia ikijikunja hivyo, reli ya kushoto inakutana na ya kulia, na hiyo ni shoti kamili. Mpe kalamu mbili, nyekundu na nyeusi, afuatilie kila reli kwa rangi yake mpaka aone mwenyewe pale rangi zinapogongana. Somo hilo la nusu saa litamsaidia hata darasani.

Na stima ikipotea, mtoto azungushe kitufe cha kontrola hadi sifuri kabla ya jambo jingine lolote. Asipofanya hivyo, umeme ukirudi treni inaruka kwa kasi yote na kutoka nje ya kona ya kwanza.

Chumvi, vumbi na mchanga

Reli za seti huwa za chuma, shaba nyeupe au shaba ya manjano. Chuma hujulikana kwa sumaku: ikinasa, tarajia kutu hapa pwani hata ndani ya nyumba. Zenye rangi ya fedha zisizonasa sumaku ndizo za kununua, hata kama ni ghali kidogo. Shaba ya manjano hupata ukungu unaozuia umeme.

Futeni reli kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo, kila mara kabla ya kucheza. Kanga kuukuu inatosha. Msitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo inayokusanya uchafu haraka zaidi, wala waya wa kusugulia sufuria, ambao vipande vyake huvutwa na sumaku ya mota. Magurudumu ya kichwa yana ujanja wake: tandaza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, shikilia kichwa magurudumu ya nyuma yakiwa relini na ya mbele juu ya kitambaa, kisha toa umeme. Yatajisugua yenyewe. Geuza, urudie. Mistari myeusi itakayobaki kwenye kitambaa ndiyo iliyokuwa ikisimamisha treni. Mkimaliza kucheza, funikeni ubao wote kwa shuka.

Mchanga wa ufuoni unavutia kutumiwa kama kokoto kati ya mataruma, ila usiutie hivi hivi. Una chumvi, na mara nyingi una chembe nyeusi za madini zinazonasa kwenye sumaku. Uoshe kwa maji baridi mara kadhaa, uanike, kisha mtoto apitishe ndani yake sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Chembe zikinata, avute mfuko nje na kurudia hadi isinate hata moja. Gundi yake ni gundi nyeupe ya mbao sehemu moja kwa maji sehemu mbili, na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye. Isifike kwenye swichi za reli, pale njia inapogawanyika. Ikikauka hapo, ulimi hausogei tena.

Makontena

Hii ndiyo kazi ya mikono tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote, kwa sababu mtoto wa Mombasa anayaona makontena kila siku. La futi 20 kwa HO ni sentimita 7 urefu, 2.8 upana na 3 kimo. La futi 40 ni sentimita 14, mengine yale yale. Kadibodi ya boksi la biskuti inatosha. Tatizo la makontena ya karatasi ni wepesi: behewa jepesi huruka relini kwenye kona. Behewa la sentimita 15 pamoja na mzigo wake liwe na uzito wa takriban gramu 110. Pimeni kwa mizani ya jikoni, mbandike nati ndani, chini kabisa, wala si juu.

Mchezo wa kupanga mabehewa

Kuzunguka kunachosha baada ya muda. Hapo ndipo kile kipande cha sentimita 30 kwa 122 kinapoingia. Jengeni juu yake mpango wa Inglenook, fumbo la kupanga mabehewa lililobuniwa na Mwingereza Alan Wright: swichi mbili za reli na njia tatu zilizofungwa mwisho, moja ya kubeba mabehewa matano, nyingine mbili za matatu matatu. Upande wa pili ni njia ya kuvutia mabehewa nje, inayotosha kichwa na mabehewa matatu tu. Tumieni mabehewa mafupi ya magurudumu manne, ya sentimita 9 hivi, la sivyo hayataenea.

Mabehewa ni manane, kila moja na namba yake. Andikeni namba kwenye vikaratasi, mtoto achomoe vitano bila kutazama. Treni ya matano ipangwe kwa mfuatano huo huo aliochomoa, bila kunyanyua behewa kwa mkono. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Mmoja awe dereva, mwingine mkuu wa yadi anayetoa amri: nyuma, simama, kata. Mtoto akiwa mkuu wa yadi, tii anachosema hata ukiona njia fupi zaidi, na umuachie nafasi ya kugundua kwamba behewa namba 3 limefungiwa nyuma ya 7. Kwa mara za mwanzo chomoeni vitatu badala ya vitano, na saa ya kushindana msiiweke hadi aweze kukamilisha treni nzima bila kuuliza.