Jina lako lisipoonekana daftarini, usiondoke kituoni

Ndugu zangu wa Clarkston, jimbo la Georgia, Marekani, mliokwisha kula kiapo cha uraia, hakikisheni majina yenu kwenye tovuti ya wapigakura ya jimbo mapema, maana uandikishaji hufungwa takriban mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Bebeni kitambulisho chenye picha.

Karani akisema jina lako halimo, omba kura ya muda, yaani kura inayowekwa kando na kuhesabiwa ikithibitishwa kuwa unastahili. Ni haki yako kwa sheria ya shirikisho ya 2002. Kisha una siku 3 za kupeleka uthibitisho kaunti.

Nasisitiza kwa sababu Januari 2021 Rais Trump alimpigia simu msimamizi wa uchaguzi wetu, Brad Raffensperger, akitaka zipatikane kura 11,780 ili ashinde Georgia. Raffensperger alikataa. Mimi niliyetoka Kivu nathamini sana kukataa kule.

Ukiweza, omba ukarani wa kituo, kaunti yetu ya DeKalb huwalipa makarani.