Kupanga sabufa studioni: mahali kwanza, vitufe baadaye

Nyimbo za kwanza nilizomiksi nikiwa na sabufa, yaani spika ya besi peke yake, zilikuwa na kasoro moja. Studioni besi ilijaa vizuri, lakini ukiupiga wimbo huohuo kwenye gari, besi haipo. Sabufa nilikuwa nimeisukuma kwenye kona nyuma ya meza kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Kona ikawa inaikuza besi, nami nikawa naipunguza kwenye miksi. Miezi mizima nilikuwa natibu kona, wimbo ukiumia.

Utaratibu ninaoufuata siku hizi huu hapa. Usiruke hatua, maana kila moja imeegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Spika kuu zikae sawa

Sabufa iache pembeni kwanza. Panga spika zako mbili na kiti chako viwe pembetatu yenye pande sawa, twita (zile spika ndogo za sauti za juu) zikiwa usawa wa masikio. Ukuta wa kushoto na wa kulia viwe umbali uleule. Kiti kisiwe katikati kabisa ya urefu wa chumba, kwa sababu hapo baadhi ya noti za chini hupotea kabisa. Wengi huanzia asilimia 38 ya urefu wa chumba, wakipima kutoka ukuta ulio mbele yao, kisha wanasogeza kidogo kidogo.

Hatua ya 2: Waya

Toa kushoto na kulia kwenye saundikadi (kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta), ingiza kwenye sabufa, halafu kutoka kwenye sabufa ndipo waya ziende kwenye spika. Sabufa nyingi za studio zina matundu hayo ya kuingiza na kutoa, na ndani yake kuna krosova, kigawa sauti kinachozipunguzia spika kuu mzigo wa besi. Tumia waya za studio za aina ya XLR au TRS. Vifaa vyote vichote umeme sehemu moja, utaepuka sehemu kubwa ya ule mvumo unaoudhi. Wakati wa kuwasha, sabufa na spika ziwe za mwisho. Wakati wa kuzima, ziwe za kwanza.

Hatua ya 3: Kuitafutia sabufa mahali

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka.

Sauti ya 50 Hz (hezi, yaani mitetemo 50 kwa sekunde) ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Wimbi hilo ni refu kuliko vyumba vingi tunavyofanyia kazi. Likigonga ukuta linarudi, linakutana na linalokuja, na chumbani panatokea sehemu ambazo besi inarundikana na sehemu ambazo inakufa. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mrundikano wake wa kwanza karibu na 43 Hz, jirani kabisa na noti ya chini ya gitaa la besi, ambayo ni 41 Hz. Noti hiyo itavuma, zinazofuata zitanyamaza, na wewe utadhani mpigaji hana mkono thabiti.

Dawa yake ni kubadilishana nafasi na sabufa. Ondoa kiti, weka sabufa palepale unapokaa, ikiwezekana juu ya kitu kigumu ili ifikie kimo cha masikio yako. Kwenye programu yako ya muziki andika besi inayopanda noti moja moja, kuanzia ile ya 41 Hz mpaka karibu 98 Hz, zote kwa nguvu sawa, ijirudie. Sasa piga magoti, utambae taratibu kando ya kuta, sikio likiwa chini karibu na sakafu. Kuna mahali utasikia noti mbili zinaunguruma na tatu hazipo. Sogea nusu mita, mambo yanabadilika. Unachotafuta ni pale ambapo noti zote zinapanda ngazi kwa uzito unaolingana. Pabandike kipande cha tepu. Kwa kawaida napata sehemu mbili au tatu, nazijaribu zote.

Usichague palipo na kishindo zaidi. Mara nyingi hapo ni kwenye kona. Jihadhari pia na kuiweka sabufa mita 1 kutoka ukutani: sauti inayorudi itaifuta ile ya karibu 86 Hz, pale hasa inapokabidhiana kazi na spika. Naona ni heri isogee karibu na ukuta.

Hatua ya 4: Krosova

Hapa unachagua sabufa iishie wapi na spika zianzie wapi. Anza na 80 Hz. Spika ndogo sana zitataka zaidi kidogo, lakini ukipita 100 Hz sikio linaanza kujua sabufa imekaa upande gani.

Hatua ya 5: Kiwango

Cheza pinki noizi (mchakacho wa kupimia sauti) ya 40 hadi 80 Hz kwenye sabufa, halafu ya 500 hadi 1000 Hz kwenye spika. Weka mita ya desibeli pale kichwa chako kinapokaa, mita iwe kwenye mpangilio wa C na usomaji wa polepole. Namba mbili zikaribiane, tofauti isizidi desibeli moja au mbili.

Hatua ya 6: Fezi

Fezi ni kule mawimbi ya sabufa na ya spika kupanda na kushuka pamoja au kupingana. Cheza toni moja ya 80 Hz, sabufa na spika zote zikiwa hai. Wengi huzungusha kitufe cha fezi wakitafuta panapovuma zaidi. Mimi nafanya kinyume, kwa sababu sikio linatambua ukimya kwa wepesi zaidi. Nazungusha mpaka toni inyong'onyee kabisa, kisha nageuza swichi ya 0 na 180. Toni inarudi kwa nguvu, na hapo ndipo penyewe. Kama yako ina swichi tu, chagua upande wenye sauti kubwa zaidi ukiwa kitini.

Hatua ya 7: Kukagua

Ukiwa na maikrofoni ya kupimia, programu kama Room EQ Wizard itakuonyesha mchoro wa masafa yote. Vilima, yaani masafa yaliyozidi, unaweza kuvishusha kwa ekwalaiza (kirekebisha masafa). Mashimo, yaani masafa yaliyopungua, usiyajaze: ukiongeza nguvu, na wimbi linalorudi linaongezeka vilevile, shimo linabaki. Rudi kwenye hatua ya 3, sogeza sabufa au kiti.

Piga pia toni inayopanda polepole kutoka 30 Hz, utembee chumbani ukisikiliza. Kioo cha dirisha kitatetema, skrubu ya droo italia. Kaza kila kitu.

Mwisho, weka wimbo unaoufahamu vizuri, uzime sabufa katikati ya ubeti na uiwashe tena. Ikiwa imekaa sawa, sauti ya mwimbaji haibadiliki hata kidogo. Kinachoondoka na kurudi ni sakafu ya wimbo peke yake.