Jinsi ya kuijua dawa kabla hujaimeza: inasukuma au inazuia?

Mimi huhudumu katika kemisti mtaani Umoja, hapa Nairobi. Dawa nyingi ninazotoa kwa siku, za mafua, tumbo, pumu, presha na macho, hugusa mfumo mmoja: neva zinazoendesha moyo, mapafu, utumbo na kibofu bila wewe kuziamuru. Natamani kila mteja aujue mfumo huu, kwa sababu ukiujua utauliza swali la maana kabla hujalipa.

Anza na mwili wako. Honi ya lori ikikushtua ukivuka Barabara ya Jogoo, moyo hupiga mbio, mboni za macho hutanuka, njia za hewa hufunguka, mdomo hukauka. Huo ni upande wa simpathetiki, unaotumia kemikali za mwili ziitwazo adrenalini na noradrenalini. Ukishaketi kibandani ukaletewa githeri, upande wa parasimpathetiki hushika zamu kwa kutumia kemikali nyingine, asetilkolini: mate hutoka, tumbo husaga, moyo hutulia, na baadaye kibofu hubana ili mkojo utoke. Shika mambo hayo kichwani, kwa sababu madhara ya dawa hizi yamo humo humo.

Sasa swali lenyewe la kumuuliza anayekupa dawa: hii inasukuma upande gani, au inazuia upande gani?

Chukua salbutamol ya pumu. Husukuma upande wa simpathetiki: huamsha vipokezi vinavyoitwa beta-2, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa adrenalini, njia za hewa zikalegea. Kiasi kidogo hufika kwenye misuli na moyo, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo huenda mbio kidogo. Usiitupe inhela yako kwa sababu hiyo. Lakini ukiona unaihitaji mara kwa mara, pumu yako haijadhibitiwa, nenda kliniki.

Propranolol, dawa ya presha na moyo, hufanya kinyume. Hupunguza kasi ya moyo, ila huzuia na beta-2 pia, kwa hiyo mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya. Mwanasayansi Raymond Ahlquist alieleza mwaka 1948 kwamba vipokezi vya adrenalini ni vya aina mbili, alfa na beta, na mwenzake wa fani hiyo, James Black, akaijenga propranolol juu ya wazo hilo. Black alipata Tuzo ya Nobel 1988. Nayataja haya kwa sababu watu huazimana vidonge vya presha na majirani. Tafadhali usiazime. Na kama umeandikiwa, usiache ghafla bila kumwuliza daktari.

Matone ya macho yanahitaji uangalifu zaidi, maana hakuna anayeyahesabu kuwa dawa ya moyo. Mzee mmoja alinikabidhi karatasi ya timolol, ya presha ya macho.

“Daktari, nipatie hii.”

“Mzee wangu, umewahi kuugua pumu?”

“Si ndiyo hii,” akasema, akatoa inhela ya buluu kwenye mfuko wa koti.

Sikumpa. Nilipiga simu kliniki alikotoka, wakambadilishia dawa. Timolol ni ndugu ya propranolol, na tone lake halibaki jichoni: hupita kwenye kitundu kilicho kona ya ndani, likashuka puani na kuingia kwenye damu. Hata kama huna pumu, tia hivi. Nawa mikono. Inua uso, vuta ngozi ya chini ya jicho, dondosha tone moja. Fumba jicho taratibu, kisha bonyeza kona ile ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili. Kama kuna matone ya aina nyingine, ngoja dakika 5.

Kwa mafua, soma kilichomo pakitini. Pseudoefedrini na fenilefrini hukaza mishipa ya damu ili pua ifunguke, lakini zinaweza kupandisha presha. Mwenye presha, sema mapema. Mla miraa naye aseme, bila haya: kathinoni iliyomo huachilia noradrenalini, kwa hiyo moyo utasukumwa mara mbili.

Piriton ya mzio, Buscopan ya maumivu ya tumbo na amitriptilini ya sonona zote huzuia asetilkolini. Ukizimeza siku moja, mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu, na mzee mwenye tezi dume kubwa anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Akishindwa, ni hospitali, si kungoja kesho.

Mwisho ni sumu ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti, iwe ya shambani au ya kunguni. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilkolini, nayo ikajaa mwilini: mate, machozi na jasho kumwagika, kuhara, mboni kuwa ndogo sana, kifua kujaa majimaji. Vaa glavu, mvue mgonjwa nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe, mkimbize hospitali. Huko hupewa atropini, inayozuia asetilkolini, wakirudia hadi kifua kikauke. Nenda na chupa ya sumu, au piga picha ya lebo yake, na useme ni saa ngapi ilimwingia.