Glaida ya roketi: itupe kwa mkono kwanza

Glaida ya roketi ni ndege ndogo ya mfano inayopandishwa na injini ya roketi, kisha hushuka ikielea bila injini. Kabla ya kufunga injini, itupe glaida kwa mkono, pua ikiinama kidogo. Ikiinua pua, ikasita, kisha ikadondoka, bandika udongo wa kuchezea puani, punje moja moja. Ikipiga mbizi, bandika mkiani. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu injini.

Injini ya B4-2 (injini ndogo ya baruti; B4 ni nguvu yake) inatosha. Hiyo 2 ni sekunde za kusubiri, msukumo ukiisha, kabla kibeba injini (kijibomba kinachoishikilia injini) hakijachomoka kwenye glaida. Ukiweka B4-6, glaida itakuwa imeshageukia ardhini, na mbawa za balsa (mbao nyepesi) hukatika kwa sababu ya mwendo mkali.

Dar, rusha asubuhi kabla upepo wa bahari haujachangamka. Suala la ruhusa ulizia mapema Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Watu wakae mita 5 nyuma. Isipowaka, chomoa ufunguo wa usalama wa kifaa cha kurushia, subiri dakika 1 ndipo usogee: mara nyingi kiwashio hakijagusa baruti.