Kucheza Crimson Skies kwenye Xbox ya leo, kwa aliye Unguja au Pemba

Nimemwekea gemu hili mpwa wangu wa Wete, na wenzake wanauliza vipi linawekwa. Jina lake kamili ni Crimson Skies: High Road to Revenge, gemu la vita vya ndege la mwaka 2003 kwa Xbox, mashine ya Microsoft ya kuchezea magemu.

1. Tafuta diski ya asili, ile ya Xbox ya mwanzo kabisa.

2. Mashine iwe Xbox One au Series X yenye pa kuingizia diski. Series S haina pa kuingizia diski.

3. Kulishusha. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukitia diski, gemu halinakiliwi kutoka humo. Diski inathibitisha tu kwamba unalo. Lenyewe linashuka lote kutoka kwenye intaneti, gigabaiti kadhaa, kwa hivyo bando dogo la kutwa halifai. Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio uzime masasisho ya magemu mengine, maana yanakula bando kimyakimya. Mimi napendelea waya kutoka kwenye ruta kuliko hotspoti. Kama huna ila simu, ichomeke chaji, iweke karibu na mashine na usiiguse. Umeme ukikatika, usifute ukaanza upya! Ukirudi, fungua foleni ya upakuaji, utakuta linaendelea pale lilipoachia. Na likishamaliza, diski usimrudishie mwenyewe: kila ukitaka kucheza lazima iwemo ndani.

4. Pedi, yaani kidude cha mkononi cha kuchezea: acha mpangilio ambao ukivuta kijiti nyuma, pua ya ndege inapanda. Utauzoea.

5. Cheza. Ni mwaka 1937 wa kubuni, Marekani imevunjika vijinchi, na wewe ni Nathan Zachary, haramia wa angani mwenye meli ya puto iitwayo Pandora. Usitafute urubani wa kweli humu. Ndege zinapinda kwa wepesi, na huo ndio uzuri wake. Wachezaji wapya hung'ang'ania kukimbizana tu. Ukiona mzinga wa kutungulia ndege uko wazi, tua uushike. Ukiwa chini unawaondoa maadui wengi kwa muda mfupi, kisha unarudi kwenye ndege yako.

6. Kucheza gemu hili na watu wa mbali kupitia Xbox Live, huduma ya Xbox ya mtandaoni, kulifungwa tarehe 15 Aprili 2010, basi usipoteze muda kuitafuta njia hiyo. Chukua pedi ya pili, gaweni skrini mkiwa sebuleni, na betri ziwe mpya.