Kurekebisha pikapu za gitaa la umeme kabla ya kununua mpya

Tangu Black Star Musical Club ya Tanga ilipoingiza gitaa la umeme katika taarabu, masikio ya mji huu yamezoea solo inayosikika wazi hata pale besi na ngoma zinapokolea. Mpigaji ambaye gitaa lake linatoa sauti butu, au kali kupita kiasi, huambiwa upesi anunue pikapu nyingine, ilhali mara nyingi bisibisi ndogo na rula vinatosha.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, kwa maelfu ya mizunguko. Sumaku hiyo huutia usumaku uzi wa chuma ulio juu yake, na uzi unapotikisika huzalisha umeme mdogo ndani ya waya, ambao amplifaya huukuza. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwa pikapu ya namna hii.

Anza kwa kusikiliza mahali pikapu ilipo. Karibu na daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, uzi husogea kidogo tu, hivyo sauti huwa nyembamba na yenye makali; karibu na shingo uzi hucheza kwa upana na sauti hujaa. Kwa maoni yangu, solo ya taarabu hupendeza zaidi pikapu ya shingo na ile ya katikati zikifunguliwa pamoja, kwa kuwa haishindani na sauti ya mwimbaji.

Kisha pima kimo cha pikapu, na hapa usiwe na haraka. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (kijiti cha chuma kilicholala shingoni) ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na kichwa cha sumaku: milimita 2.4 ni mwanzo mzuri, na milimita 2 kwa uzi mwembamba. Kwa kawaida skrubu ya pembeni mwa pikapu ikikazwa pikapu hupanda, nayo sauti huongezeka nguvu. Lakini ikikaribia mno, sumaku huuvuta uzi, sauti hufa mapema, na noti za juu za uzi mnene hazikai kwenye tyuni hata ukazikaze vipi. Zungusha nusu mzunguko, piga, sikiliza, ndipo uendelee. Shika bisibisi kwa uthabiti, kwa sababu sumaku huivuta, na ikiteleza inaweza kuukata waya.

Mvumo wa umeme wa nyumbani, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hauondolewi kwa kubadili kimo. Tiba yake ni pikapu ya koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya uliozungushwa, ambayo Seth Lover aliibuni kwa ajili ya kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955: koili hizo huzungushwa kinyume na sumaku zake huelekezwa kinyume, hivyo mvumo hujifuta na sauti ya nyuzi hubaki, ingawa makali yake hupungua kidogo.

Upepo wa bahari hutia kutu haraka, kwa hiyo futa nyuzi na vichwa vya sumaku kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Usitumie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwani vumbi lake hung'ang'ania sumaku na ni taabu kubwa kuling'oa.