Nati ya habu ya nyuma kwenye Defender: usiikaze kwa hasira

Somo hili ni la wenye Land Rover Defender za zamani, zile ambazo habu (kitovu kinachobeba tairi) ina nati mbili nyembamba na washa ya kufungia katikati. Gari linapiga rafu ya Naabi hadi Seronera kule Serengeti, linarudi tairi la nyuma linacheza. Fundi anakaza kwa nguvu zake zote, na muda si mrefu beringi imekufa. Nati ya ndani haishikilii tairi jamani; inapanga nafasi ya beringi mbili za habu. Kinachoizuia isifunguke ni washa na nati ya nje.

1. Weka mawe matairi ya mbele. Handibreki ya Defender inashika propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu), si tairi lenyewe, kwa hiyo ukinyanyua tairi moja la nyuma au ukichomoa ekseli, haikusaidii kitu. Ukishapiga jeki, weka stendi.

2. Toa tairi, fungua bolti tano, chomoa ekseli. Tega chombo, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) itadondoka.

3. Nyoosha masikio ya washa (zile kingo zilizokunjwa juu ya nati), fungua kwa soketi ya 52. Patasi na nyundo viacheni kwa maseremala. Vinakula kona za nati na kumwaga vumbi la chuma kwenye beringi.

4. Beringi zikiwa nzima na zina grisi safi, kaza nati ya ndani huku unazungusha habu, mpaka uhisi inakuwa nzito. Izungushe tena ili roli za beringi zikae sawasawa. Legeza robo mzunguko, kisha rudisha taratibu mpaka iguse tu. Shika habu juu na chini, tikisa. Inatakiwa izunguke laini, na mchezo uwe mdogo kiasi cha kuuhisi kwa shida. Mimi hatua hii huirudia hata mara tatu.

5. Weka washa mpya, kaza nati ya nje, halafu pima upya, maana nati ya nje huisukuma ya ndani na kumaliza ule mchezo. Habu ikiwa nzito, rudi namba 4. Ikiwa sawa, kunja sikio moja kwenye nati ya ndani na jingine kwenye ya nje.

6. Gasketi mpya, rudisha ekseli na bolti zake.

MASWALI YA WADAU

Yangu ina nati moja tu. Nifanyeje?
Hiyo ni ya baadaye, ina spesa ndani, pete inayopanga nafasi ya beringi. Yenyewe unaikaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), 210 Nm, halafu unagonga mdomo wake uingie kwenye mfereji wa stabu ekseli (ile shina isiyozunguka inayobeba beringi). Nati iliyokwisha kugongwa usiirudishe.

Mkuu, nimefuata hatua zote ila habu inachemka.
Pande zote mbili au mmoja? Ukiwa mmoja, angalia kwanza kama breki inang'ang'ania. Breki ikiwa salama, basi umekaza mno.

Washa ya zamani bado nzima, niigeuze?
Sikio lililokunjwa mara mbili hukatika. Nunua mpya.